Mama ameacha tembe za presha kwa sababu ya video. Je, niache kusoma mambo ya afya mtandaoni?

*"Daktari, hujambo. Mama yangu ana miaka 61, tunaishi naye hapa Umoja, Nairobi, na amekuwa na presha kwa miaka kadhaa. Alikuwa akimeza amlodipine peke yake, kisha mwanzoni mwa mwaka huu kliniki ikamwongezea enalapril. Baada ya wiki kadhaa akaanza kukohoa, kikohozi kikavu kisicho na makohozi, hasa usiku. Nikaingia Google nikaandika 'enalapril inaleta kikohozi' na kila ukurasa ukasema ndiyo. Tuliporudi kliniki nikamweleza daktari, akaniuliza: kama Google ndiye daktari wako, mbona umekuja kupiga foleni hapa? Niliona haya, nikanyamaza. Halafu mama akatumiwa video kwenye kikundi cha chama chao. Mtu aliyevaa koti jeupe anasema dawa za presha ndizo zinazomaliza figo za watu, na kwamba kitunguu saumu, ndimu na maji ya rozela kwa siku 21 vinatosha. Ameacha tembe zote mbili, hii ni wiki ya pili. Kikohozi kimepungua, kwa hiyo anasema video ni ya kweli. Nimeuliza pia programu ya akili bandia kwenye simu; ilinijibu vizuri kwa Kiswahili, lakini nilipogeuza swali kidogo nayo ikageuza jibu. Hatumii dawa nyingine, isipokuwa zile za magoti anazonunua kwa kemisti. Je, niache kusoma mtandaoni? Nitajuaje la kuamini?"*

Dada, kabla hatujafika kwa Google, mama apimwe presha leo. Si lazima aende hospitali kubwa. Kituo cha afya cha mtaani au duka la dawa lenye mashine ya kufunga mkono wa juu patatosha kwa kuanzia. Akae dakika tano bila kuzungumza, mgongo umeegemea, nyayo ziko sakafuni, mkono umelazwa mezani usawa wa moyo, na asiwe ametoka kunywa chai ya rangi au kupanda ngazi za ghorofa ya nne. Apimwe mara mbili, kwa kuachanisha dakika moja. Namba ya juu ikifika 180 au ya chini 120, apumzike kidogo irudiwe, na ikibaki hapo aonwe na daktari siku hiyo hiyo hata kama anasema yuko sawa. Akipata maumivu ya kifua, kukatika pumzi, uso kupinda, mkono au mguu wa upande mmoja kuishiwa nguvu, maneno kukwama mdomoni, au kuona ukungu ghafla, usingoje namba ya mashine yoyote. Tafuta gari, nenda idara ya dharura.

Jambo la pili pia ni la leo. Mama ameacha tembe mbili kwa kosa linaloshukiwa kwa moja. Amlodipine haina lawama katika kikohozi cha aina hii. Kero yake inayojulikana zaidi ni kuvimba vifundo vya miguu. Piga simu kliniki au zungumza na mfamasia aliyempa dawa, na kama hakuna sababu nyingine aliyopewa ya kuiacha, airudie. Enalapril nayo isubiri mazungumzo na daktari, na mazungumzo hayo yawe wiki hii, msingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Nina onyo moja: kama wakati alipokuwa akiimeza midomo, ulimi au uso wake uliwahi kuvimba, asiiguse tena maishani, na amwambie hivyo kila mhudumu atakayemwona. Uvimbe huo ni nadra, lakini hutokea zaidi kwa watu weusi na unaweza kuziba njia ya hewa.

Sasa tuje kwenye ulichosoma. Ulisoma kweli. Sitaki uondoke hapa ukidhani ulidanganywa, kwa sababu hukudanganywa, na daktari aliyekujibu vile alipoteza fursa nzuri. Enalapril, pamoja na ndugu zake kama lisinopril na captopril, huzuia kimeng'enya kinachoitwa ACE. Kimeng'enya hicho hutengeneza angiotensini ya pili, kemikali inayobana mishipa ya damu, kwa hiyo kikizuiwa mishipa hulegea na presha hushuka. Lakini kina kazi nyingine ambayo haina uhusiano na presha ya mama: huvunjavunja kemikali nyingine iitwayo bradikinini. Kikizuiwa, bradikinini hujirundika kwenye njia za hewa na kuziwasha neva zinazoamsha kikohozi. Ndiyo maana kikohozi hiki huwa kikavu, cha kuwasha koo, na hakisikii dawa ya chupa hata ukimaliza tatu. Makadirio yanayotajwa sana ni watu 5 hadi 20 katika kila 100 wanaotumia dawa hizi, wanawake wakiwa wengi zaidi ya wanaume. Kinaweza kuanza ndani ya siku chache au baada ya miezi. Dawa ikiachwa, kwa kawaida huisha ndani ya wiki moja hadi nne, ingawa kwa wengine husumbua hadi miezi mitatu.

Losartan hufanya kazi ileile kwa njia tofauti. Yenyewe huziba mahali ambapo angiotensini hushikia kwenye mishipa, haimgusi bradikinini, na kwa hiyo mara chache huleta kikohozi. Kubadilishiwa dawa kwa sababu hii ni jambo la kila wiki katika kliniki za presha. Ila usimnunulie wewe mwenyewe. Kabla ya kubadilisha, daktari atataka kujua hali ya figo na kiwango cha potasiamu kwenye damu (madini ambayo yakizidi huhatarisha moyo), kwa sababu losartan na enalapril zote huweza kuipandisha.

Kwa hiyo ukurasa ulikuwa sahihi. Tatizo ni kwamba ukurasa ulikuwa unazungumzia enalapril, nawe ulikuwa unauliza kuhusu mama. Hayo ni mambo mawili. Kikohozi cha mama huenda ni cha dawa, na mpangilio wa matukio unaelekea huko. Lakini katika jiji hili kikohozi kinachofika wiki mbili hupimwa kifua kikuu bila ubishi, hata kama kuna maelezo mengine mazuri mezani. Kipimo cha makohozi ni bure katika vituo vya umma. Pumu nayo huja usiku. Kiungulia kinachopanda hadi kooni mtu akilala huja usiku. Moyo uliochoka kwa presha ya miaka mingi, ukashindwa kusukuma damu vizuri, nao huleta kikohozi mtu akilala chali. Huyu wa mwisho ndiye ninayemwogopa zaidi kwa mtu aliyeacha dawa.

Na angalia jinsi video ilivyojichukulia sifa isiyo yake. Mama aliacha enalapril, kikohozi kikapungua. Hilo ndilo lingetokea hata kama angekunywa maji matupu, na kwa kweli linaunga mkono ulichosoma wewe zaidi ya alichosema yule mtu. Yeye hakuzungumzia kikohozi hata kidogo; alizungumzia presha na figo. Je, presha imeshuka? Hakuna anayejua, maana haijapimwa. Presha haina sauti, mtu anaweza kutembea na 190 akiwa anacheka sokoni, na ndiyo sababu mtu akiacha dawa yake huweza kujisikia vizuri zaidi kwa wiki kadhaa, bila kikohozi, bila miguu kuvimba, huku mishipa ya ubongo na figo ikiendelea kuumizwa.

Halafu kuna sentensi moja umeiweka mwishoni kama kitu kidogo, nayo ndiyo iliyonishtua: dawa za magoti. Zina jina gani? Kama ni diclofenac au ibuprofen, ambazo ndizo hupewa watu wengi wenye magoti bila cheti cha daktari, basi tuna habari kubwa kuliko kikohozi. Dawa za kundi hilo hufanya mwili uhifadhi chumvi na maji, hupandisha presha, na hupunguza nguvu za enalapril na losartan. Zikitumiwa kwa muda mrefu huumiza figo, na zaidi zikichanganywa na dawa za kundi la enalapril pamoja na tembe za kuongeza mkojo. Inawezekana kabisa mama aliongezewa dawa ya pili ya presha kwa sababu ya tembe za magoti ambazo hakuna aliyeziuliza. Nenda na pakiti yenyewe kliniki, usitegemee kumbukumbu ya jina. Parasetamoli, mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja, na mafuta ya kupaka ni mambo ya kujadiliwa badala yake.

Nimekaa hapo kwa makusudi, kwa sababu hapo ndipo lilipo jibu la swali lako kubwa. Mtandao hujibu swali uliloandika. Haukuulizi swali ambalo hukufikiria kuliandika. Hakuna ukurasa uliokuuliza mama anameza nini kingine, wala kama analalia mito mitatu ili apumue, wala kama alipungua uzito. Mhudumu mzuri, hata akiwa na dakika chache, hufanya hasa kazi hiyo ya kuuliza ambayo hukuitegemea.

Maneno unayoandika nayo huamua utakachopata. Wewe uliandika "enalapril inaleta kikohozi". Hapo ulikuwa umeshatoa hukumu na kuomba mashahidi, na mashine ya kutafuta ikakuletea mashahidi. Ungeandika "sababu za kikohozi kikavu cha usiku kwa mtu mwenye presha" ungekutana na pumu, kiungulia, moyo na kifua kikuu, pamoja na enalapril. Ukitaka kujipima, tafuta kitu hichohicho mara mbili: mara ya kwanza kwa maneno yanayounga mkono unachokiamini, mara ya pili kwa maneno ya kukipinga. Na kumbuka kwamba kurasa za juu hazikupangwa kwa ukweli. Baadhi zimelipiwa ili ziwe hapo, na alama ya tangazo huandikwa kwa herufi ndogo. Nyingine zimepanda kwa sababu watu wengi huzibofya, nacho kinachobofywa ni kile kinachotisha. Mwaka 2009 watafiti wawili wa Microsoft, Ryen White na Eric Horvitz, walichapisha uchunguzi wa namna watu wanavyotafuta dalili mtandaoni. Walionyesha jinsi mtu anavyoanza na kuumwa kichwa tu na kuishia kwenye uvimbe wa ubongo, kwa sababu ugonjwa huo adimu umeandikiwa kurasa nyingi mno ukilinganisha na uadimu wake. Wingi wa kurasa si wingi wa wagonjwa.

Hatari nayo ina namna ya kuongezwa chumvi bila uongo wowote. Oktoba 1995 kamati ya usalama wa dawa nchini Uingereza ilitangaza kwamba aina mpya za tembe za kupanga uzazi zinaongeza maradufu hatari ya damu kuganda ndani ya mishipa. Maradufu! Wanawake wengi waliziacha kwa hofu. Hatari yenyewe ilikuwa imetoka takriban mwanamke 1 kati ya 7,000 hadi 2 kati ya 7,000. Mwaka uliofuata idadi ya mimba zilizotolewa Uingereza na Wales ilikadiriwa kupanda kwa kama 13,000, na mimba yenyewe hugandisha damu zaidi ya tembe zile. Kwa hiyo ukisoma kwamba kitu fulani kinaongeza hatari mara mbili au mara tatu, uliza: mara mbili ya ngapi? Ile karatasi iliyokunjwa ndani ya pakiti ya dawa, ambayo wengi huitupa au huisoma na kulia, ina mpangilio wake pia. Madhara yanayoitwa ya kawaida sana humpata zaidi ya mtu 1 kati ya 10. Ya kawaida ni kati ya 1 kwa 100 na 1 kwa 10. Yanayoitwa nadra ni kati ya 1 kwa 10,000 na 1 kwa 1,000. Orodha ni ndefu kwa sababu sheria inataka kila kitu kiandikwe. Haimaanishi kwamba vyote vinakusubiri wewe.

Kuna mtego mwingine ambao huwakamata hata wasomi wa Nairobi. Kurasa nyingi nzuri ni za Marekani, na vipimo vyao si vyetu. Maabara zetu nyingi hupima sukari kwa milimoli kwa lita, wao hutumia miligramu kwa desilita. Sukari ya asubuhi ya 7.0 kwetu ni 126 kwao. Nimeona mtu akitetemeka kwa kudhani sukari yake ya 6 iko karibu na kifo, kumbe alikuwa akiilinganisha na jedwali la namba za mamia. Zidisha kwa 18 na utapata lugha yao. Presha vilevile: tangu Novemba 2017 miongozo ya Marekani huanza kuita presha kuanzia 130 kwa 80, ilhali Shirika la Afya Duniani hutumia 140 kwa 90. Kurasa mbili zinaweza kukupa majibu mawili tofauti na zote zisiwe za uongo.

Video sasa. Sitamcheka mama, nawe usimcheke. Ametumiwa na watu anaowaamini, na amekohoa usiku kucha huku akiambiwa aendelee tu. Mtu aliyepuuzwa kliniki hutafuta anayemsikiliza, na yule wa koti jeupe alionekana kumsikiliza. Koti lenyewe ni la kununua, mtu yeyote anaweza kulivaa. Daktari aliyesajiliwa Kenya hupatikana kwenye orodha ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, lile linaloitwa KMPDC, na orodha hiyo iko wazi mtandaoni. Andika jina lake uone. Kama hata hakusema jina lake, umeshapata jibu. Tazama video hadi mwisho: kuna namba ya kulipia? Kuna chupa inayouzwa? Je, alisema ni nani hapaswi kutumia anachokipendekeza? Dawa ya kweli huwa na watu isiowafaa. Na kwenye WhatsApp, ujumbe wenye mishale miwili umepita mikono mingi, umeletwa na mtu aliyeletewa na mtu. Aliyemtumia mama huenda hajui ulikoanzia zaidi yako.

Madai ya figo yana chanzo chake. Watu huwaona wagonjwa wa kusafishwa damu wakimeza dawa nyingi za presha, wakaunganisha. Ukweli mara nyingi ni kinyume: presha isiyotibiwa ndiyo iliyozichosha figo, au figo zilipochoka zikaipandisha presha. Enalapril na losartan hutumiwa kulinda figo za watu wenye kisukari wanaopoteza protini kwenye mkojo. Ni kweli pia kwamba mwanzoni kipimo cha kreatinini, taka ya damuni inayoonyesha figo zinafanyaje kazi, huweza kupanda kidogo, na kwamba mtu anayeharisha au kutapika sana hadi akaishiwa maji anaweza kuumia figo akiendelea nazo bila kuuliza. Ndiyo maana tunapima damu wiki moja au mbili baada ya kuanza. Yule wa video alichukua kipande hicho cha ukweli akakitoa kwenye nyumba yake.

Rozela nayo si upuuzi. Kuna majaribio madogo yaliyoonyesha inashusha presha kwa pointi kadhaa, na kitunguu saumu vilevile kimeonyesha athari ndogo. Pointi kadhaa hazimtoshi mtu ambaye dawa moja ilikuwa imeshindwa hadi akaongezewa ya pili, lakini hakuna sababu ya kugombana naye juu ya kikombe. Mwache anywe bila kujaza sukari, na amwambie daktari kwamba anakunywa. Kama angekuwa anatumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, ningekuwa mkali kuhusu kitunguu saumu kingi. Kitu ambacho ningekiulizia kwa ukali ni ile chumvi mbadala inayosifiwa sana siku hizi. Nyingi hutengenezwa kwa potasiamu, ni nzuri kwa watu wengi wenye presha, na ni hatari kwa mwenye figo dhaifu au anayetumia enalapril au losartan bila kupimwa.

Kuhusu ile programu ya akili bandia, uligundua mwenyewe jambo la msingi: ukigeuza swali, inageuza jibu. Programu hizi huunda maneno yanayoelekea kufuatana, kwa kujifunza kutoka maandishi mengi mno. Hazimjui mama, hazina faili lake, na zina tabia ya kukubaliana na anayeuliza. Huweza kutaja utafiti ambao haupo kwa sauti ileile tulivu zinayotajia ulio wa kweli, na kwa Kiswahili zimesoma maandishi machache kuliko kwa Kiingereza, hivyo lugha nzuri isikufanye udhani na maarifa ni mazuri vilevile. Hata hivyo sitakwambia uzifute. Zinafaa kukueleza neno gumu kwenye majibu ya maabara, au kukusaidia kupanga maswali kabla ya kwenda kliniki. Ziulize ni habari gani zinakosekana ili jibu liwe sahihi; mara nyingi hapo ndipo zinaposaidia kweli, na pengine zingekuuliza kuhusu magoti. Usiweke jina la mama, namba ya kitambulisho wala picha ya kadi ya hospitali. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaihesabu habari ya afya kuwa nyeti, lakini sheria haiwezi kurudisha ulichokwisha kutuma.

Kwa kusoma, anza na kurasa ambazo hazikuuzii kitu: Shirika la Afya Duniani, tovuti ya huduma ya afya ya Uingereza iitwayo NHS, na MedlinePlus ya maktaba ya taifa ya tiba ya Marekani, ambayo ina hata sehemu ya maandishi ya Kiswahili. Tazama tarehe ya mwisho ya kupitiwa. Ruka sehemu inayokwambia umpigie nani simu, hiyo ni ya kwao.

Daktari wako alikosea kukuaibisha, na sisemi hivyo ili kukufurahisha. Sisi wenyewe hutafuta mtandaoni kati ya mgonjwa mmoja na mwingine. Hakuna anayekumbuka dozi zote. Lakini naelewa pia kilichomkasirisha: foleni iko hadi nje, na mgonjwa wa nane asubuhi hiyo anakuja na hukumu iliyokamilika. Namna ya kusema hubadilisha mengi. Badala ya "nimesoma kwamba enalapril inaleta kikohozi", anza na ulichokiona: "Mama alianza enalapril mwezi wa kwanza, kikohozi kikavu kikaanza wiki kadhaa baadaye, kilipungua alipoiacha. Je, inawezekana ni dawa? Kuna nyingine inayoweza kumfaa?" Hizo ni sekunde ishirini, na hakuna daktari mwenye akili atakayezipuuza. Mwambie pia wazi kwamba ameziacha. Msimfiche, kwa sababu akidhani presha imepanda licha ya dawa, ataongeza dozi. Andika maswali matatu tu kwenye karatasi na uyatoe mwanzoni, usingoje mkono ukiwa kwenye kitasa cha mlango.

Akikujibu vibaya tena, una haki ya kuuliza na kuelewa. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake na njia za matibabu zilizopo, inapowezekana kwa lugha anayoielewa, na hati ya haki za wagonjwa ya Wizara ya Afya ya 2013 inatambua haki ya kupata maoni ya pili. Si lazima uanze ugomvi. Omba kuonwa na mwingine, au anza na mfamasia, ambaye kwa mambo ya dawa kugongana mara nyingi ndiye mwenye muda na ujuzi zaidi. Madhara ya dawa pia huweza kuripotiwa kwa Bodi ya Dawa na Sumu, hata na mgonjwa mwenyewe.

Kwa hiyo usiache kusoma. Kama usingesoma, mama angeendelea kukohoa na wewe usingejua kuna losartan duniani. Ila usibadilishe dawa, kuongeza, kupunguza au kuacha, kwa ukurasa, video au programu peke yake, hata vikiwa sahihi.

Nenda kliniki na pakiti zote pamoja na za magoti, kadi yake, na daftari la presha. Mkiweza kununua au kuazima mashine ya mkono wa juu, pima asubuhi na jioni kwa siku saba, mara mbili kila wakati, uandike zote hata zile zisizokupendeza. Utepe wa mashine unaofungwa mkononi uwe wa kumtosha, kwa sababu mdogo kwa mkono mnene hutoa namba za juu za uongo. Nyumbani tunaanza kuwa na wasiwasi wastani ukifika 135 kwa 85. Usisubiri siku saba ziishe ndipo uende. Anza leo, uende na ulizonazo. Omba kipimo cha makohozi, figo na potasiamu. Akibadilishiwa dawa, andika tarehe. Kikohozi kikiendelea zaidi ya miezi mitatu baada ya kuacha enalapril, au wakati wowote kabla ya hapo kikianza kuleta damu, homa za jioni, jasho la usiku au kupungua uzito, mrudishe apigwe picha ya kifua.